Deni la Jezi Nambari 10

Usiku wa Jumamosi, tarehe 21 Oktoba 2023, nilikuwa nimebanana na watu kama arobaini kwenye baa moja kando ya Ngong Road, tukitazama nusu-fainali ya Kombe la Dunia la raga. Afrika Kusini na Uingereza, uwanja wa Stade de France, mvua inanyesha. Dakika ya 31, hata kipindi cha kwanza hakijaisha, Afrika Kusini wakamtoa mchezaji wao wa nambari 10, Manie Libbok, wakamwingiza Handré Pollard. Libbok hakuwa ameumia. Hakuwa amepewa kadi. Alitolewa tu.

"Afadhali!" jamaa mmoja nyuma yangu akapaza sauti, na nusu ya baa ikacheka.

Mimi sikucheka. Si kwamba nilimpenda Libbok kuliko Pollard. Ni kwamba kuna mtu nilimkumbuka, mtu ambaye nimekuwa nikimkwepa kwenye mawazo tangu nikiwa kidato cha tatu. Nitafika kwake. Kwanza wacha nieleze kuhusu hawa wawili, kwa sababu swali lao ni letu pia, hata kama wewe hujali raga na unaona ni vita tu vya watu wanene wanaogombania mpira wenye umbo la yai.

Nambari 10 ndiye anayeamua mpira uende wapi: upasiwe, upigwe teke, au ukimbizwe. Mara nyingi ndiye pia anayepiga mikwaju ya kutafuta alama, ile ambayo uwanja mzima hunyamaza ukimtazama mtu mmoja. Nafasi ni moja. Hakuna kugawana.

Pollard alikuwa mwenye nyumba. Kwenye fainali ya 2019 kule Yokohama, Afrika Kusini walipowapiga Uingereza 32-12, yeye peke yake alifunga alama 22. Lakini 2023 ilimkuta na jeraha la msuli wa shavu la mguu, na orodha ya wachezaji 33 ilipotangazwa, jina lake halikuwemo. Nafasi ikamwangukia Libbok. Na Libbok alikuwa raha kumtazama. Kwenye mechi ya kwanza dhidi ya Scotland, tarehe 10 Septemba mjini Marseille, aliangalia upande mmoja akapiga mpira upande mwingine, ukamfikia Kurt-Lee Arendse, trai. Watu walirudia hiyo video mpaka bando zikaisha.

Shida yake ilikuwa mikwaju ya milingoti. Dhidi ya Ireland, tarehe 23 Septemba, Afrika Kusini walishindwa 13-8, na yeye pamoja na Faf de Klerk walikuwa wameacha alama 11 uwanjani. Tayari kabla ya mechi hiyo Malcolm Marx alikuwa ameumia goti, na makocha walikuwa wamefanya jambo la ajabu kidogo: Marx ni fowadi wa katikati ya skramu, lakini badala yake wakamwita Pollard. Libbok akaanza tena robo-fainali dhidi ya Ufaransa, wakapita 29-28. Akaanza nusu-fainali. Halafu ikaja ile dakika ya 31.

Unajua kilichofuata. Zikiwa zimebaki kama dakika tatu, Afrika Kusini wako nyuma 15-13, wakapata penalti karibu na katikati ya uwanja. Pollard akaupiga mpira mita zipatazo 49. Ukaingia. 16-15. Wiki moja baadaye, kwenye fainali dhidi ya New Zealand, Pollard alianza na kufunga alama zote za timu yake: 12-11. Libbok hakuwa hata benchi. Makocha walijaza benchi na mafowadi saba na beki mmoja tu, na beki huyo hakuwa yeye.

Kwa watu wengi hadithi inaishia hapo. Kombe lilipatikana, kwa hivyo uamuzi ulikuwa sawa, kwa hivyo hakuna la kujadili. Mimi naona kuna maswali mawili hapa, na tumezoea kujibu moja halafu tunajifanya tumejibu yote.

Sasa nirudi kidato cha tatu.

Nilikuwa nambari 10 wa shule yetu. Muhula wa kwanza ndio msimu wa raga ya watu kumi na watano, na wiki ya kwanza kabisa ya mazoezi nilivunjika mtulinga. Mkono ukafungwa kwa kitambaa, nikaambiwa wiki nane. Jezi ikachukuliwa na kijana wa kidato cha pili aliyelala kitanda cha chini, mimi nikiwa cha juu, bweni moja. Alikuwa mfupi, mwenye mbio kama paka aliyemwagiwa maji. Mechi baada ya mechi akatubeba. Jioni akitoka mazoezini, na matope miguuni, alikuwa anapanga foleni mara mbili kwenye ukumbi wa chakula: sahani yake na sahani yangu, kwa sababu mimi singeweza kubeba sahani na kikombe kwa mkono mmoja. Hakuna aliyemtuma.

Nilipona siku chache kabla ya fainali ya kaunti. Mazoezini nilipiga mikwaju kumi nikaingiza minane. Yeye alipiga kumi akaingiza minne. Ijumaa jioni mwalimu akabandika orodha kwenye mlango wa ukumbi wa chakula bila kusema neno kwa yeyote. Nambari 10 ilikuwa mimi. Jina lake lilikuwa chini, nambari 22. Nilimwona akiweka kidole kwenye karatasi, akakishusha polepole mpaka akajipata. Kisha akaenda kupanga foleni. Siku hiyo alichukua sahani moja.

Usiku ule tulilala, mimi juu yeye chini, na hakuna aliyesema kitu. Nilisikia kitanda kikilia kila alipogeuka.

Fainali ilikuwa ngumu. Dakika za mwisho tuko nyuma 12-10, tukapata penalti, mita kama thelathini, kulia kidogo kwa milingoti. Wachezaji wa akiba ndio walikuwa wanatuletea maji na kile kiplastiki cha kuwekea mpira. Akaja mbio yeye. Akainama, akakiweka chini, akaniambia, "Upepo unatoka kushoto. Lenga mlingoti wa kushoto."

Na mimi nikawaza: huyu anataka nikose.

Nililenga katikati. Mpira ulienda vizuri, halafu hewani ukaanza kuhama taratibu, kama mtu anayehama kiti kwenye matatu, ukapita nje ya mlingoti wa kulia. Kipenga. Yeye ndiye alikuja kuokota kile kiplastiki. Hakusema "nilikwambia." Alikiokota tu.

Kwa miaka mingi nilidhani kinachoniuma ni kukosa mkwaju. Ilichukua ule usiku wa Ngong Road kunionyesha kwamba sivyo.

Swali la kwanza ni: nani acheze? Hapa kuna majibu mawili ya zamani sana. Moja ni la wahenga wetu: mchumia juani hulia kivulini. Aliyetoa jasho ndiye ale. Libbok alichumia juani mechi baada ya mechi. Basi angepewa kivuli chake, yaani fainali. Kijana wa kitanda cha chini vilevile. Jibu lingine ni la Aristotle, kwenye kitabu chake cha siasa. Anasema tukiwa na filimbi za kugawa, filimbi nzuri zaidi asipewe aliyezaliwa kwenye ukoo bora au mwenye sura nzuri. Apewe anayeweza kuipuliza vizuri zaidi, kwa sababu filimbi ipo ili ipulizwe.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni, kabla karo haijanishinda nikaacha, nilipenda sana hilo la Aristotle. Bado naliona la kweli. Jezi si mshahara wa kazi ya jana. Ni zana ya kazi ya kesho. Ukianza kutoa nafasi kama malipo, timu inageuka hazina ya uzeeni, na wale wengine kumi na wanne, ambao nao wametoa jasho, wanalipia shukrani ambayo si yao. Kocha hana ruhusa ya kuwa mkarimu kwa mali ya wengine. Kwa hivyo ndiyo, Pollard alistahili kuanza fainali. Na ndiyo, japo nasema kwa aibu, mwalimu wetu alikuwa sawa kunichagua mimi. Minane kwa minne ni minane kwa minne.

Kumbuka nasema alikuwa sawa ingawa tulishindwa. Uamuzi haupimwi kwa matokeo peke yake. Ule mpira wa Pollard ungeanguka mita moja kabla ya mlingoti, leo tungekuwa tunasema makocha walipagawa kumtoa Libbok mapema vile, na uamuzi ungekuwa uleule, umefanywa na watu walewale, wakijua mambo yaleyale. Tunapenda kumwita mtu mwerevu baada ya sarafu kuanguka upande wake.

Kuna tahadhari nyingine, na hii ni nzito zaidi. Jibu la Aristotle linafanya kazi pale tu anayepima anapima kwa haki. Afrika Kusini ndiyo nchi ya mwisho duniani unayoweza kuiambia "chagua tu aliye bora" halafu ukatembea. Mpaka 1981, kila jezi ya Springboks kwenye mechi ya kimataifa ilivaliwa na mzungu, na siku zote hizo kuna mtu alikuwa anaapa kwamba wanachagua walio bora. Wa kwanza kuvunja huo ukuta alikuwa Errol Tobias, na 1984 alivaa nambari 10 dhidi ya Uingereza. Libbok ametoka kwenye jamii ileile ya watu wanaoitwa machotara kule. Anapotolewa dakika ya 31, kuna watu wanaona mbinu ya mchezo, na kuna watu wanaona kitu walichokiona babu zao. Mimi naamini safari hii ilikuwa mbinu. Lakini siwezi kumlaumu anayeuliza mara mbili. Wahenga pia walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na sisi Wakenya hatuhitaji kufundishwa hilo. Kila tangazo la kazi hapa linasema litafuata sifa, na kila mtu anayelisoma anauliza, "Unamjua nani pale?"

Tuseme basi mizani ni sawa. Tuseme aliyechaguliwa ndiye aliyefaa. Je, tumemaliza? Hapa ndipo linaingia swali la pili: tuna deni gani kwa aliyeachwa?

Bernard Williams, mwanafalsafa wa Uingereza, aliandika mwaka 1965 kwamba mtu anaweza kukabiliwa na wajibu mbili zinazovutana, achague moja kwa haki kabisa, na bado ile aliyoiacha isifutike. Inabaki. Ukiwa umeahidi rafiki kwamba utamsindikiza uwanja wa ndege, halafu mamako akaugua, unampeleka mamako hospitali, na umefanya sawa. Lakini bado unampigia yule rafiki simu. Ukikosa kupiga, ukisema "si nilikuwa sahihi?", kuna kitu umekosa kuelewa kuhusu kuwa binadamu.

Nafikiri hiyo simu ndiyo tunaikwepa. Na njia rahisi ya kuikwepa ni kumfanya aliyeachwa awe mbaya. Ndiyo maana ya ile "Afadhali!" Tukimcheka Libbok, tukisema hajui kupiga, alikuwa mzigo tangu mwanzo, basi hatuna deni. Lakini kwa mzigo gani? Pollard alikuta kuna nusu-fainali ya kuokoa kwa sababu kuna mtu alikuwa amewasaidia kufika pale. Yeyote aliyenyanyua lile kombe alinyanyua pia kazi ya mtu ambaye fainali yenyewe hakuigusa.

Mwaka jana niliandikia jukwaa moja la mtandaoni kwa miezi mitatu ya majaribio. Niliandika usiku, nikahariri kazi za wengine, nikaambiwa naendelea vizuri. Halafu asubuhi moja nikaamka nikaona nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp. Hivyo tu. Baadaye nikasikia nafasi imeenda kwa dada mmoja mwenye shahada. Nilisoma makala zake. Nikitaka kuwa mkweli, ni mzuri kuniliko. Aristotle angempa ile filimbi, na mimi pia ningempa. Lakini sijawahi kusahau nilivyojisikia nikiangalia ile simu, nikisoma kwamba fulani amekuondoa. Sikuwa nadai kazi. Nilikuwa nadai sentensi moja: tumemchagua mwingine, sababu ni hii, asante kwa ulichofanya.

Hilo ndilo deni, kwa maoni yangu. Aliyeachwa hana haki ya kudai nafasi. Ana haki ya kuambiwa ukweli usoni, kabla hajausoma mlangoni. Ana haki kazi yake isipunguzwe ili uamuzi wetu uonekane mtamu. Makocha, mabosi na walimu wana deni hilo. Lakini kuna mwingine pia analo, na huyu hatumtaji kabisa: yule aliyepata nafasi.

Maana tunapenda kuamini kwamba aliyepata hajafanya kosa, ameitwa tu, ameitika. Ni kweli. Mimi sikumnyang'anya mtu jezi. Lakini nilipoivaa nilianza kumwona mwenzangu kama mtu anayeitamani, na mtu anayetamani ulicho nacho huwezi kumsikiliza. Alikuja na ukweli mkononi. Upepo ulikuwa unatoka kushoto. Alikuwa amesimama pembeni dakika sitini na tisa akiutazama, ukivuta bendera za kona, wakati mimi nilikuwa na kichwa kwenye skramu na kelele. Alijua, akanipa bure, akitaka tushinde timu ambayo haikuwa imempa hata dakika moja. Na mimi nikaona mwizi.

Huwa tunasifu ushindani, tunasema ndio unaoinua kiwango. Sikatai. Lakini wawili wanaogombania nafasi moja ndio wanaoielewa kuliko watu wote. Kila mmoja ndiye anajua hasa mwenzake anabeba nini. Tunawafundisha kuogopana, halafu tunashangaa timu ikipoteza kile ambacho wangeambiana.

Na jezi yenyewe hakuna anayebaki nayo. Leo Libbok na Pollard wote wanasukumwa na kijana Sacha Feinberg-Mngomezulu, ambaye Septemba 2025 alifunga alama 37 dhidi ya Argentina kule Durban. Naye ana mtu mahali fulani, pengine bado yuko shuleni, anafanya mazoezi ya mikwaju jioni. Nambari 10 ni ya kuazima. Ukikumbuka hilo, ni rahisi kidogo kumtazama machoni aliyeivaa kabla yako na atakayeivaa baadaye.

Usiku wa fainali, tarehe 28 Oktoba, watu wakiimba mezani na mmoja amepanda kiti, nilitoka nje nikamtafuta kijana wa kitanda cha chini. Nilikuwa na nambari yake kutoka kundi la tuliosoma pamoja, sikuwahi kuitumia. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki. Nikaandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: kwamba ile fainali ya kaunti yeye ndiye alitufikisha, kwamba mtu angefaa kumwambia kabla ya ile karatasi, na kwamba mimi ningefaa kumwambia baadaye.

Alijibu kesho yake mchana. "Buda, hiyo upepo ilikuwa inatoka kushoto."

"Najua," nikaandika.

"Kwani ulidhani nakudanganya?"

Nilikaa na simu mkononi. Ningeweza kusema sikusikia kwa sababu ya kelele. Nikaandika, "Ndio."

Alama ya kuandika ikatokea, ikapotea, ikatokea tena.

"Nilijua," akasema. "Niliona vile uliniangalia."

Halafu akaniuliza kama Jumamosi nitakuwa taoni.